Kumpumzisha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umekuachia kidogo, na kwamba wifi ameshapona yale mafua, maana siku ile tulipozungumza alikuwa anaongea kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na kwamba ile sketi waliyonichania walipokuja bado sijawasamehe. Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula, analala, na anabishana na redio kama kawaida yake. Mimi naendelea na kazi ya mapazia. Siku hizi watu wengi wanahama nyumba, na kila anayehama anataka mapazia mapya kabla hajapata hata meza ya kulia.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye namba yake ya simu unayo. Kwenye simu, Kaka, wewe una haraka. Nikivuta pumzi tu unanimalizia sentensi, tena unaimalizia vibaya. Halafu nyumba yetu unaijua, mtu akikohoa jikoni anapewa pole chumbani. Ninayotaka kukwambia yasingewezekana kwa simu. Kwa hiyo wenzangu walipotoka kwenda kula nimebaki dukani, nimesukuma mkasi na vitambaa pembeni, ninakuandikia. Nakuomba uisome kwanza ukiwa peke yako, halafu ndipo umpe wifi.

Juzi uliponiuliza mazoezi ya mama yanaendeleaje, nilikujibu kwamba yanaendelea vizuri mno. Sikukudanganya. Yanaendelea vizuri kuliko tulivyotaka, na ndicho kinachonikosesha raha.

Unakumbuka ulivyokuja ukamwambia kwamba likizo hii tutakwenda sote ufukweni kupunga upepo, na kwamba inabidi yeye ajiweke sawa kwanza, kwa sababu kutoka kwenye nyumba ya mapumziko hadi majini kuna ngazi na kuna mchanga. Mama alifurahi hata akasahau kukulalamikia kwamba hupigi simu. Hakuambiwa kwamba ile nyumba ya mapumziko ni ya wazee. Hakuambiwa kwamba wenye nyumba hawampokei mzee asiyeweza kuinuka kitandani mwenyewe na kutembea hadi mezani, na kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya mazoezi. Wala hakuambiwa kwamba baada ya kuogelea na kupiga picha, sisi tutafunga mizigo yetu na wa kwake utabaki. Tulisema tutamwambia akishapazoea. Nasema tulisema, Kaka, sisemi ulisema. Nilikuwepo, na nilitikisa kichwa kukubali.

Basi tukaanza. Yule mtaalamu wa viungo uliyemtuma alikuja mara moja, akamkanda mama nyonga, akatuonyesha la kufanya, akaenda zake. Nilisukuma makochi ukutani, nikakunja zulia, nikaleta bomba la pazia kutoka dukani liwe la kushikia, nikajaza maji kwenye chupa ziwe za kunyanyua. Mama aliziangalia zile chupa kwa jicho la dharau. Alinikumbusha kwamba amestaafu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwamba mikono yake imekamua mashuka ya wodi nzima, na kwamba kama ninataka anyanyue maji nimpe ndoo, nisimpe maji ya mgonjwa wa homa. Mimi nami nilijiunga, maana tumbo langu unalijua, na wifi alikuwa ameshanitumia picha ya vazi la kuogelea akaniambia niwe ninaliangalia linitie moyo. Mimi lilinitia hofu. Tukawa tunainuka na kuketi, tunanyoosha miguu, tunazungusha mikono, mama kwenye kiti na mimi sakafuni, kila mmoja anamcheka mwenzake.

Jirani wa chini alipanda kuuliza kulikoni, dari lake linatikisika. Mama akamwambia tunajiandaa kwenda kupunga upepo. Jirani masikio yake si mazuri, akasikia pepo, akauliza kwa hofu ni nani kati yetu aliyepandwa. Mama bila kupepesa macho akaninyooshea kidole mimi, akasema ni huyu, tena lake ni jeuri, linadai mume na vazi la kuogelea. Yule jirani alishuka ngazi mbiombio. Tulicheka hadi mama akashika nyonga. Nakuandikia haya ujue kwamba siku za mwanzo zilikuwa nzuri, isipokuwa kila tulipokuwa katikati ya kucheka nilikuwa nakumbuka ninamwandaa kwa ajili ya nini, na kicheko kilikuwa kinanikauka mdomoni.

Halafu mama akageuka. Alisema hataki kutazamwa akihangaika, atafanya mazoezi chumbani kwake na mlango umefungwa. Nikawa nasikia kutoka sebuleni anahesabu kwa sauti ya askari, mguu unagonga, moja, mbili, tatu, hadi anachoka. Nilifurahi, nikamsifia sana kwako. Mchana mmoja nilirudi nyumbani kuchukua miwani niliyoisahau, nikafungua mlango wake bila kubisha. Mama alikuwa ameegemea mito kitandani, kanyoosha miguu, redio yake ya matangazo ya vifo iko ubavuni, na mkononi ameshika kandambili anaigonga kwenye kabati huku anahesabu. Wala hakushtuka. Alimaliza hesabu yake yote, ndipo akaniuliza nimerudi kufanya nini.

Nilimfokea. Nilimwuliza anadhani anamdanganya nani. Akanijibu kwa upole kwamba katika nyumba hii yeye siye aliyeanza kudanganya. Nilijitia sikumwelewa, nikachukua miwani yangu nikatoka.

Siku hizohizo alikuwa na maswali ambayo hayana kichwa wala miguu. Aliniuliza kama mchanga wa ufukweni unashika au unabomoka. Nikamwambia mguu unazama kidogo, lakini tutamshika. Akauliza kama maji huwa yanapanda hadi kule watu walikolala. Nikamwambia nyumba ziko juu, hayafiki. Akauliza kama marehemu baba ataijua njia ya kumfuata huko. Hapo nilidhani umri umeanza kumchezea akili, nikageuza maneno nikamwuliza atakula nini. Nilikupigia nikakueleza, ukasema nimbembeleze tu, wazee ndivyo walivyo.

Sikuwahi hata kumbembeleza. Asubuhi moja niliamka nikamkuta sebuleni, makochi ameshayasukuma ukutani mwenyewe, bomba la pazia liko mikononi, jasho linamtoka. Kuanzia hapo hakushikika. Akashuka ngazi hadi kwa jirani, kisha hadi chini kabisa, kisha hadi dukani kwa muuza mkate, na kila aliporudi alikuwa anaketi, anahema, anaomba maji, halafu anauliza kama bado kuna mwanga wa kutosha ashuke tena. Mimi niliyekuwa kocha nikaachwa nyuma. Vazi la kuogelea nalo nililitoa mawazoni, maana nilikuwa natoka kazini nimechoka na yeye ndiye ananiita nije tunyooshe miguu.

Ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa na gereji, sasa panajengwa ghorofa, na mbele yake wamemwaga lundo kubwa la mchanga. Mama alimwendea msimamizi akamwomba ruhusa ya kutembea juu yake, akamweleza kwamba anakwenda ufukweni na hataki kuaibika. Akavua viatu akapanda. Mafundi walimpigia makofi, wakampachika jina la Bibi Ufukwe. Akawa anakwenda kila siku. Baadaye akaanza kubeba mkoba, ule mkubwa wa kahawia, ndani yake kaweka pasi na nguo alizozikunja. Nilitaka kumbebea, akakataa, akasema mwanamke hatembei mikono mitupu. Nilikuwa namtazama kutoka dirishani, Kaka. Mama yetu aliyekuwa anauburuta mguu wake kama wa mtu mwingine, leo anapanda mchanga na mkoba begani. Nilifurahi na niliumia papo hapo, kwa sababu kila hatua niliiona inamsogeza kule.

Wiki iliyopita fundi mwashi mmoja wa pale alikuja dukani kutafuta pazia la mlango. Alipojua kwamba mimi ni mtoto wa Bibi Ufukwe alicheka, akasema mama yangu ana mambo. Huyo fundi aliwahi kufanya kazi kule tunakokwenda, na kumbe kila siku mama akimaliza kutembea humkalisha kwenye tofali akamhoji. Anataka kujua kutoka zile nyumba za ufukweni hadi kituo cha basi ni mbali kiasi gani, kama kuna mlima, kama kuna mahali penye kivuli pa mzee kupumua, na basi la kuja huku linaondoka saa ngapi. Amemwuliza hata kama walinzi wa kule huwa wanasinzia mchana. Fundi alidhani ni utani wa bibi. Mimi mkasi ulinienda upande, ikabidi lile pazia nilikate upya.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anajipaka mafuta miguuni. Nilikaa chini karibu naye nikamwuliza njia ya kituo cha basi anaitakia nini. Hakuzungukazunguka. Alisema kwamba yeye hafanyi mazoezi ya kwenda. Kwenda angeweza kubebwa, maana wanaotaka aende wapo. Yeye anafanya mazoezi ya kurudi.

Kumbe alisikia. Siku ile nilipokuwa jikoni naongea na wewe nikidhani amelala, alinisikia nikisema kwamba tukishampumzisha mama huko, mambo mengine tutayapanga baadaye. Tangu baba afariki, mama hawezi kuanza siku bila kusikiliza matangazo ya vifo, na kwenye matangazo hayo mtu anayepumzishwa ni mtu anayezikwa. Alidhani watoto wake wawili wameshamchagulia kaburi akiwa hai, tena mchangani, tena mbali na mumewe. Ndiyo maana aliuliza kama mchanga unabomoka, na maji kama yanapanda, na baba kama ataijua njia. Ndiyo maana aligonga ile kandambili, kwa hesabu zake kwamba akichelewa kupona atachelewa kuzikwa. Alinieleza haya akicheka mwenyewe mpaka machozi. Nilitaka kucheka naye, nikashindwa.

Aliyemtoa kwenye kosa hilo ni wifi, na nakuomba usimgombeze, alidhani mama ameshaambiwa. Alimpigia simu kumwuliza anapenda mashuka ya rangi gani kwenye chumba chake cha huko, na kama atataka kabati lake lipelekwe au anunuliwe jingine. Mama akamshukuru, akamwambia atafikiri. Na akafikiri kweli. Anasema mtu anayekwenda kupunga upepo habebi kabati, na mtu anayekwenda kuzikwa haulizwi rangi ya mashuka. Kwa hiyo si likizo na si kaburi, ni kitu cha katikati. Kesho yake ndipo nilipomkuta ameyasukuma makochi.

Nilijaribu kujitetea. Nilisema kwamba pale kuna wauguzi, kuna upepo mzuri, kuna wazee wenzake wa kuzungumza nao. Alinisikiliza vizuri, akafunika kopo lake la mafuta, akasema kwamba hilo neno la kupumzishwa amelisamehe, kwa sababu alilisikia vibaya. Ila lipo la pili, na hilo alilisikia vizuri. Alisema nilikwambia hivi: tumpumzishe mama, nami nipumzike. Alilirudia kwa sauti yangu, Kaka, na ile pumzi niliyoishusha mwishoni akaishusha vilevile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wewe unajua kwamba jambo hili hukulianzisha. Ni mimi niliyekupigia nikilia baada ya mama kuanguka bafuni, nikakwambia siwezi tena kumwinua na kumwogesha, kukimbilia dukani na kukimbia kurudi, kukaa kazini sikio liko nyumbani. Ulitafuta ile nyumba kwa sababu nililia. Halafu nikaacha mama aamini kwamba mawazo yote ya safari ni yako, na alipokuwa anakununia wewe mimi nilikuwa namkorogea chai. Sitajifanya malaika. Nilikuwa nimechoka kweli, na hata ninapoandika hapa nimechoka. Lakini aibu niliyoipata pale chini sakafuni imezidi uchovu wote niliowahi kuwa nao.

Nilipiga moyo konde nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba wazo ni langu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile ambalo wifi hakulitaja. Kwamba tumeshamwarifu mwenye nyumba hii tunayopanga kwamba baada ya likizo tunahama, na mimi nimeshaangalia chumba karibu na duka, chumba cha mtu mmoja. Hilo hakuwa analijua. Nililiona usoni mwake kwamba hakuwa analijua. Siku zote hizo kwenye mchanga wa watu, na mkoba wake, na maswali yake ya basi, alikuwa anajifunza njia ya kurudi kwenye nyumba ambayo sisi tumeshaitoa.

Hakulia wala hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alikaa akiangalia yale makochi ukutani. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nini sikumwambia yeye kwamba nimechoka. Alisema angejiogesha mwenyewe, hata kama angetumia asubuhi nzima, hata kama angelowesha sakafu yote. Akavaa viatu, akachukua mkoba, akatoka. Nilimkimbilia kwenye ngazi nikamshika kiwiko kama ninavyomshika siku zote. Akasimama, akavitoa vidole vyangu taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa pini kwenye nguo, akashuka peke yake.

Tangu siku hiyo tunaishi kwa adabu. Ananishukuru kwa chakula. Anajiogesha mwenyewe, mlango kaufunga kwa ndani, na mimi nakaa nje nasikiliza maji. Kitinda, jina aliloniita tangu nilipokuwa nanyonya, silisikii tena. Ananiita mwanangu, kama anavyomwita yeyote.

Asubuhi hii, kabla ya kuja kazini, nilipita kwa mwenye nyumba kumwambia kwamba hatuhami. Alikuna kichwa, akasema kuna watu wameshakuja kuiangalia na wameipenda, atanijibu. Nakuomba umpigie, wewe anakuheshimu kuliko mimi. Na wale wa nyumba ya mapumziko waambie mama haji kukaa. Ufukweni twende, kama bado una moyo wa kwenda, lakini twende sote na turudi sote. Halafu tukae mimi na wewe tugawane kazi hii ya kumtunza, ujue siku zako na mimi nijue zangu, na tukae mbele yake, asikie kila neno kwa masikio yake bila ukuta katikati. Kama utakasirika kwamba nimemwambia bila kukuuliza, kasirika, una haki. Nisingeweza kumtazama akipanda ule mchanga siku nyingine moja.

Nisalimie sana wifi, mwambie simlaumu hata chembe, bila mashuka yake tungekuwa bado tunadanganyana. Wabusu watoto. Wewe mwenyewe jitunze mgongo, na usinyanyue vitu vizito kwa kujionyesha.

Nilipokuwa natoka nyumbani nilimwambia mama kwamba leo nakuandikia, nikamwuliza nikuletee salamu gani kutoka kwake. Alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, ameinama mwenyewe hadi chini, jambo ambalo hajaliweza tangu aanguke. Alisema nisijisumbue kuziandika, zake atakuletea mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba